Chembe ndogo, kazi nzito: Siri ya jino linalotoboa miamba ya Singida

Na Mwandishi Wetu

MTU anayeingia katika mji wa Singida kwa mara ya kwanza hupokewa na mawe. Yapo kando ya barabara, nyuma ya nyumba na pembezoni mwa maziwa ya Singidani na Kindai. Mengine yamepandana kana kwamba yalipangwa kwa mkono.

Mawe hayo ni vichwa tu vya mwamba mkubwa wa graniti uliolala chini ya sehemu kubwa ya mkoa huo. Ni sehemu ya kitako cha kale cha ardhi ya Tanzania ya kati, ambacho wanajiolojia wanakadiria kuwa na umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5.

Kwa mgeni, mawe hayo ni mandhari ya kupendeza. Kwa mwanakijiji anayesubiri kisima, ni kizuizi.

Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Katika miezi inayobaki, vijiji vingi hutegemea maji yaliyo chini ya ardhi. Maji hayo hukaa katika tabaka la mwamba uliomomonyoka na katika nyufa za mwamba mzima ulio chini yake. Ili kuyafikia, hapana budi mwamba utobolewe.

Kazi hiyo hufanywa na mtambo wenye bomba refu, kompresa kubwa ya hewa na nyundo inayoshuka shimoni pamoja na bomba. Nyundo hiyo hugonga mwamba zaidi ya mara 1,000 kwa dakika huku bomba likizunguka polepole. Mwishoni kabisa hufungwa biti ya chuma, na juu ya uso wake yamepandikizwa meno madogo ya kijivu yenye vichwa vya mviringo, kila moja likikaribia upana wa ncha ya kidole.

Ni meno hayo yanayogusa jiwe. Biti ikichakaa kabla ya wakati, kazi husimama, bomba lote hutolewa shimoni, biti nyingine hununuliwa, na gharama ya kila mita ya kisima hupanda. Anayelipa mwishowe ni yule anayesubiri maji.

Wengi hudhani kwamba meno hayo ni chuma kigumu cha aina fulani. Kwa hakika si chuma. Ni mchanganyiko wa mamilioni ya chembe ngumu mno zilizoshikwa pamoja na metali laini kiasi. Mchanganyiko wa namna hiyo, ambao wataalamu huuita kompoziti ya metali, unatumika leo kuanzia migodini hadi katika breki za magari. Makala haya yanaeleza jinsi chembe zinavyoipa metali nguvu, na kwa nini ujuzi huo una faida kwa mafundi na wachimbaji wa Singida.

Chuma kinaposhindwa na jiwe

Graniti imejengwa na madini makuu matatu: kwatzi, feldspa na maika. Kati ya hayo, kwatzi ndiyo adui mkubwa wa chuma. Ni zile punje angavu zinazong'aa katika jiwe, na ndiyo hiyo hiyo inayofanya sehemu kubwa ya mchanga wa mtoni.

Mwaka 1812, mtaalamu wa madini wa Kijerumani Friedrich Mohs alipanga madini katika ngazi 10 za ugumu, kwa kuangalia lipi linaweza kulikwaruza jingine. Almasi iliwekwa ngazi ya 10. Kwatzi ilipata ngazi ya 7. Chuma cha kisu kizuri hukaa baina ya 5 na 6 na nusu.

Maana yake ni rahisi: punje ya kwatzi hukikwaruza chuma, wala chuma hakiikwaruzi. Kila pigo la nyundo likimpa mchimbaji vumbi kidogo la mwamba, mwamba nao humega kidogo cha chuma chake.

Wachimbaji wa dhahabu wa Sekenke, wilayani Iramba, ambako mgodi ulianzishwa mwaka 1909 katika zama za utawala wa Wajerumani, walifanya kazi kabla ya meno hayo ya kijivu kuvumbuliwa. Migodi ya wakati ule ilitumia misumari ya chuma tupu, na kazi ya kuinoa upya kwenye moto wa mhunzi haikuwa na mwisho.

Leo, zaidi ya karne moja baadaye, dhahabu ya Singida inachimbwa pia katika mgodi wa kisasa wa wilayani Ikungi, ulioanza uzalishaji mwaka 2023. Mwamba wa Singida haukubadilika. Kilichobadilika ni jino.

Kunjo la mkeka

Kabla ya kuuliza chembe zinaipa metali nguvu gani, inafaa kwanza kuuliza metali hupinda vipi.

Ndani ya metali, atomi zimejipanga kwa safu zilizonyooka, safu juu ya safu. Metali inapopinda, safu moja huteleza juu ya nyingine. Wanasayansi walipopiga hesabu ya nguvu inayohitajika kuitelezesha safu nzima kwa mara moja, walipata jibu lililowashangaza: metali ilipaswa kuwa na nguvu mamia ya mara, pengine zaidi ya mara elfu, kuliko inavyoonekana ikipimwa.

Jibu la fumbo hilo lilipatikana mwaka 1934. Wanasayansi watatu, Geoffrey Taylor wa Uingereza pamoja na Egon Orowan na Michael Polanyi, wote wawili wenye asili ya Hungaria, walilieleza kila mmoja kwa njia yake.

Chukua mfano wa mkeka mkubwa uliotandikwa sakafuni. Kuuburuta wote kwa mara moja ni kazi ngumu, kwa kuwa kila ukili unasuguana na sakafu. Lakini ukifanya kunjo dogo katika ukingo mmoja, kisha ukalisukuma kunjo hilo hadi ukingo wa pili, mkeka mzima husogea kidogo bila ya jasho kubwa.

Safu za atomi nazo zina makunjo ya namna hiyo, yaani mahali ambapo mpangilio umekosewa. Metali haitelezi yote kwa pamoja. Makunjo ndiyo yanayosafiri ndani yake, moja baada ya jingine, na kila moja likipita metali hupinda kidogo.

Kwa hiyo, anayetaka kuipa metali nguvu ana kazi moja kubwa: kuyazuia makunjo yasisafiri. Katika mfano wetu, weka mawe kadhaa juu ya mkeka. Kunjo likifika penye jiwe, hukwama. Chembe ngumu ndani ya metali ndizo mawe hayo.

Kazi nne za chembe

Chembe zilizotawanywa ndani ya metali hufanya kazi nne, na mara nyingi zote hutokea kwa pamoja.

Kazi ya kwanza ni kubeba mzigo. Tuchukue alumini, metali nyepesi inayofahamika katika kila jiko. Kipimo chake cha ukakamavu, yaani namna inavyokataa kunyumbulika, ni gigapaskali 70. Kabidi ya silikoni, kitu cheusi kigumu kinachotumika katika mawe ya kunolea na msasa, ina zaidi ya gigapaskali 400.

Chembe za kabidi hiyo zikichukua moja ya tano ya ujazo wa alumini, ukakamavu wa mchanganyiko hupanda na kukaribia gigapaskali 100, huku uzito ukiongezeka kidogo sana. Metali laini huupokea mzigo na kuupitisha kwa chembe, na chembe hubeba sehemu kubwa zaidi ya fungu lake. Sharti lipo moja: chembe ziwe zimeshikana barabara na metali. Chembe iliyolegea ni sawa na tundu.

Kazi ya pili ni kuzuia makunjo. Kunjo likikutana na chembe isiyokatika, hulazimika kujipinda kuizunguka, kama maji ya mto yanavyozunguka jiwe, na kuacha pete ya kunjo nyuma yake. Kujipinda huko kunadai nguvu ya ziada. Orowan, yule yule wa mwaka 1934, alilieleza jambo hilo katika miaka ya 1940, na hadi leo njia hiyo inaitwa kwa jina lake.

Kanuni yake ni nyepesi kukumbuka: nafasi baina ya chembe ikipungua kwa nusu, nguvu ya ziada inayohitajika huongezeka maradufu. Ndiyo sababu ukubwa wa chembe una maana kubwa. Kwa ujazo ule ule, ukipunguza kipenyo cha chembe kwa nusu unapata chembe nane badala ya moja, nazo hukaribiana zaidi.

Kazi ya tatu hutokana na joto. Kompoziti nyingi hutengenezwa katika joto kali, kisha hupoa. Alumini ikipoa husinyaa takriban mara tano zaidi ya kabidi ya silikoni. Chembe inakataa kusinyaa, metali inayoizunguka inataka kusinyaa, na mvutano huo huzaa makunjo mapya mengi karibu na chembe. Huenda msomaji akadhani kwamba makunjo mengi yanailegeza metali. Ukweli ni kinyume chake. Yakiwa mengi mno husongamana na kufungana njia, kama watu na ng'ombe kwenye lango la mnada, na hakuna anayepita.

Kazi ya nne ni kuifanya metali yenyewe iwe na punje ndogo. Metali iliyoyeyushwa inapoganda hujigawa katika punje, na mpaka baina ya punje na punje nao ni kizuizi cha makunjo. Chembe huzizuia punje hizo zisikue. Wanasayansi wawili, E. O. Hall mwaka 1951 na N. J. Petch mwaka 1953, walionyesha kwamba kadiri punje zinavyokuwa ndogo ndivyo metali inavyozidi kuwa na nguvu.

Chembe kubwa, zenye upana wa sehemu kadhaa za elfu za milimita au zaidi, hufanya hasa kazi ya kwanza na ya tatu. Chembe ndogo sana, zilizo chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, ndizo hodari wa kazi ya pili.

Ndoa ya tungsteni na kobalti

Sasa turudi kwenye jino la biti. Kitu kigumu ndani yake ni kabidi ya tungsteni, muungano wa tungsteni na kaboni. Katika ngazi za Mohs hukaribia 9, hivyo kwatzi haina hila mbele yake. Huyeyuka katika joto la takriban nyuzi 2,800 za Selsiasi.

Lakini kabidi hiyo ikiwa peke yake ina kasoro kubwa: huvunjika upesi kama sahani ya udongo. Pigo moja la nyundo lingeipasua. Kinachoiokoa ni kobalti, metali inayoweza kunyumbulika kidogo kabla ya kukatika.

Aliyefanikisha ndoa hiyo ni Karl Schröter, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya taa za umeme ya Osram mjini Berlin, mwaka 1923. Wakati huo nyuzi za taa zilitengenezwa kwa tungsteni, na kiwanda kilihitaji kitu kigumu cha kuvutia nyuzi hizo. Miaka michache baadaye kampuni ya Krupp ilianza kuuza mchanganyiko huo kwa jina la Widia, lililofupishwa kutoka maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Katika miaka ya 1940 ulianza kuenea katika uchimbaji wa miamba.

Namna ya kuutengeneza inafanana na kazi ya mfinyanzi kuliko ya mhunzi. Unga wa kabidi ya tungsteni husagwa pamoja na unga wa kobalti mpaka uchanganyike barabara. Unga huo hushindiliwa ndani ya kalibu na kupata umbo la jino. Kisha jino hilo bichi huchomwa katika tanuri penye joto la karibu nyuzi 1,400.

Katika joto hilo, kobalti pamoja na sehemu ndogo ya kabidi iliyoyeyuka ndani yake huwa kimiminika. Kimiminika hicho huilowanisha kabidi vizuri mno, hupenya katika kila upenyo na kuzivuta chembe zikaribiane. Jino husinyaa sana, matundu hujifunga, na linapopoa huwa limeshikamana kama kitu kimoja.

Katika meno ya kutobolea miamba, kobalti aghalabu ni baina ya asilimia 6 na 12 ya uzito. Kwa hiyo hapa chembe ndizo nyingi na metali ndiyo chache, kinyume cha ile alumini tuliyoitaja. Mfano wake ni ukuta wa mawe uliojengwa kwa udongo kidogo: mawe hubeba mzigo, udongo huyashika yasiachane.

Ufa ukianza katika jino, hupasua chembe moja ya kabidi na kufika penye utando wa kobalti. Hapo hukutana na kitu kisichopasuka. Kobalti hujivuta, hushika kingo mbili za ufa kama uzi unavyoshika kitambaa kilichochanika, na mara nyingi ufa husimama hapo.

Kobalti ikiongezwa, jino hustahimili mapigo zaidi lakini huchakaa upesi. Ikipunguzwa, jino huwa gumu zaidi lakini huvunjika kwa urahisi. Chembe zikiwa ndogo, ugumu hupanda. Zikiwa kubwa, ustahimilivu hupanda. Hakuna jino lenye sifa zote. Ndiyo maana biti inayofaa mwamba mmoja inaweza kuwa hasara katika mwamba mwingine, na bei nafuu peke yake si kigezo.

Metali hizi mbili zina uhusiano wa karibu na eneo letu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo inayotoa sehemu kubwa zaidi ya kobalti ya dunia, kutoka mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Rwanda huchimba madini ya tungsteni. Lakini kazi ya kuyageuza kuwa meno ya biti hufanyika mbali, nayo hurudi Afrika Mashariki kwa bei ya bidhaa ya kiwandani.

Yapo pia mabomba ya kutafutia dhahabu, yanayokata mwamba na kutoa kipande kirefu cha mviringo kwa ajili ya uchunguzi. Hayo hutumia almasi ndogo ndogo zilizotawanywa ndani ya metali. Hapa metali hutengenezwa makusudi ili iishe polepole: almasi za juu zikibutu na kudondoka, metali inayolika hufunua nyingine zilizo chini. Safari hii, kuchakaa ndiko kunakoifanya biti iendelee kukata.

Je, fundi anaweza kutia mchanga ndani ya alumini?

Katika miji mingi ya Tanzania wapo mafundi wanaoyeyusha alumini chakavu na kusubu sufuria, miiko na vipuri katika kalibu za mchanga. Swali la fundi mwerevu ni hili: ikiwa chembe ngumu huipa metali nguvu, kwa nini asitie mchanga laini au unga wa jiwe la kunolea ndani ya alumini iliyoyeyuka?

Kinachomzuia ni mambo matatu.

La kwanza ni kulowana. Mimina tone la maji juu ya kikaango chenye mafuta: hujikusanya kama lulu na kukataa kutandaa. Alumini iliyoyeyuka huifanyia kabidi ya silikoni vivyo hivyo. Chembe huelea au husukumwa nje, na zile zinazobaki ndani hazishikani na metali. Viwanda hutia magnesi kidogo na huzipasha moto chembe kwanza ili kupunguza ukaidi huo.

La pili ni kutawanyika. Chembe hupenda kukusanyika kama unga wa ugali unaotiwa kwa pupa katika maji na kufanya mabonge. Bonge la chembe halina metali ndani yake, na hapo ndipo ufa huanzia. Kukoroga kwa nguvu nako huingiza hewa, na hewa huacha matundu. Chembe chache zilizotawanyika sawasawa zina faida kuliko nyingi zilizorundikana.

La tatu ni kemia. Alumini yenye joto kupita kiasi hula kabidi ya silikoni na kuzaa kabidi ya alumini, kitu dhaifu ambacho zaidi ya hayo huharibika kikikutana na maji. Kinga yake ni kutumia alumini yenye silikoni ya kutosha na kutozidisha joto wala muda.

Kutokana na hayo, anayetupia mchanga ndani ya kalibu bila ya maandalizi hupata alumini dhaifu kuliko aliyoanza nayo. Isitoshe, sufuria haihitaji nguvu ya namna hiyo. Kompoziti ya alumini hufaa vitu vinavyosuguliwa au vinavyohitaji wepesi pamoja na ukakamavu. Gari dogo la michezo la Lotus Elise la Uingereza, lilipotoka mwaka 1996, lilikuwa na sahani za breki za alumini iliyotiwa chembe za kabidi ya silikoni. Hata hivyo, bei ya chembe na ugumu wa kuichonga metali hiyo vimeifanya isienee katika magari ya kawaida.

Watafiti katika nchi kama Nigeria na India wamejaribu chembe za bei nafuu, hasa majivu ya maganda ya mpunga, ambayo yana silika kwa wingi. Wasomaji wa Singida watauliza mara moja kuhusu maganda ya alizeti yanayorundikana kwenye vinu. Hapa tahadhari inahitajika: majivu ya alizeti yana potasi, chokaa na magnesi kwa wingi, na silika yake ni kidogo. Majivu hayalingani, na matokeo ya mpunga hayawezi kuhamishwa hivi hivi.

Mashine za alizeti na chembe zinazojizaa

Hata hivyo, ipo aina moja ya metali yenye chembe ambayo fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza mwenyewe leo.

Singida ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa kilimo cha alizeti nchini, na mashine za kukamua mafuta zipo mijini na vijijini. Ndani ya kila mashine kuna parafujo kubwa inayozibana mbegu. Mbegu huingia na maganda yake na, zisipopepetwa vizuri, na mchanga pia. Kwatzi ile ile ya mwamba hurudi tena, safari hii ikila parafujo. Ikishaliwa, mgandamizo hupungua na mafuta mengi hubaki kwenye mashudu.

Dawa yake ni kuijaza parafujo kwa vijiti maalumu vya kuchomelea vyenye kromi na kaboni nyingi. Metali hiyo inapoganda, kromi na kaboni huungana na kuwa chembe za kabidi ya kromi ndani ya chuma. Chembe hazikutiwa kutoka nje. Zimezaliwa humo humo, ndiyo maana zimeshikana na chuma bila ya tatizo la kulowana wala mabonge. Ugumu wa chembe hizo huikabili kwatzi.

Fundi anayefanya kazi hiyo afahamu mambo machache. Tabaka mbili au tatu zinatosha, kwani zikizidi huweza kubanduka. Nyufa ndogo za kukatiza juu ya aina hiyo ya kuchomelea ni za kawaida, na huilegeza metali isipasuke yote. Tena sehemu hiyo haichongeki kwa mashine ya kawaida. Hurekebishwa kwa jiwe la kusagia tu.

Njia rahisi kuliko zote, hata hivyo, ni kupepeta mbegu kabla ya kuzikamua.

Kulitunza jino

Kwa wanaomiliki au kusimamia mitambo ya visima, somo kubwa ni kwamba jino la kabidi halifi kwa kuchakaa peke yake. Mara nyingi huuawa na uzembe.

Jino linapoanza kuchakaa, kichwa chake cha mviringo huwa bapa. Kanuni inayofuatwa na wachimbaji wengi duniani ni kulinoa upya pale ubapa unapofikia theluthi moja ya kipenyo cha jino. Ukipita hapo, nguvu ya pigo haiingii tena kwenye jiwe bali hurudi kwenye jino lenyewe, na jino hupasuka.

Kunoa kufanyike kwa maji yanayotiririka muda wote. Kumwagia maji jino ambalo tayari limepata moto huzaa nyufa, kwa sababu kabidi na kobalti hazisinyai kwa kiwango kimoja.

Maji yana faida nyingine iliyo kubwa zaidi. Vumbi la kabidi pamoja na kobalti ni hatari kwa mapafu. Mwaka 2006 taasisi ya Umoja wa Mataifa ya utafiti wa saratani ililiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Kijana anayenoa biti kwa jiwe kavu bila ya kifaa cha kuziba pua na mdomo anahatarisha uhai wake.

Na biti iliyokwisha kabisa isichanganywe na chuma chakavu cha kawaida. Mwili wake ni chuma, lakini meno yake yana tungsteni na kobalti, metali zenye bei kubwa ambazo viwanda vya nje huzinunua na kuzitumia upya. Anayeuza biti nzima kwa bei ya kilo ya chuma anampa mnunuzi zawadi.

Wanaotaka kujifunza kazi za metali hawana haja ya kwenda mbali kuanza. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani, na VETA inafundisha uchomeleaji na ufundi wa mitambo. Mafunzo hayo yakiongezewa elimu ya chembe na metali, fundi atajua kwa nini kijiti kimoja cha kuchomelea kinadumu na kingine hakidumu.

Mama anayechota maji ya kisima kilichotobolewa katika graniti hana sababu ya kujua habari za kobalti. Lakini anayenunua biti, anayeisimamia na anayeinoa wanayo sababu, maana kila jino linalopasuka kabla ya wakati wake huongeza gharama ya kisima kinachofuata.